Mkataba umeandikwa kwa kalamu ya nani?

Barua za mwezi huu zimelalia upande mmoja. Karibu wote mmeuliza kuhusu Ulaya: mikataba yake na nchi zetu, misaada yake, na sheria zake mpya zinazofika hadi shambani. Nimechagua sita. Naanza na ya mzee mkulima, kwa sababu ndiye anayeulizwa jambo leo hii, mlangoni kwake.

Vijana wa chama cha msingi cha ushirika wamekuja na simu, wakapiga alama kila shamba. Wanasema Ulaya inataka kujua kahawa imetoka wapi. Kuna majirani wanaosema ni njia ya kuchukua ardhi. Nikatae? (Mkulima wa kahawa, Kilimanjaro)

Shikamoo mzee wangu. Usikatae, ila kabla hujawaruhusu waulize maswali mawili nitakayokupa hapa chini.

Kinachowaleta vijana hao ni sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023 ya kuzuia ukataji misitu. Inagusa kahawa, kakao, mawese, mpira, soya, mbao na ng'ombe, pamoja na vingi vinavyotengenezwa kutokana na hivyo. Bidhaa haitaingia Ulaya ikiwa imetoka kwenye ardhi iliyofyekwa msitu baada ya 31 Desemba 2020, au ikiwa imezalishwa kwa kuvunja sheria za nchi ilikotoka. Anayewajibika kuthibitisha hayo ni kampuni inayoingiza mzigo Ulaya. Wewe huna unachotakiwa kuwaandikia Brussels, makao ya Umoja wa Ulaya. Lakini kampuni haiwezi kuthibitisha bila kujua shamba lilipo, kwa hiyo kazi inateremka kwa mnunuzi, kwa ushirika, mpaka kihambani kwako, shamba lako la nyumbani. Shamba lisilozidi hekta 4 linatosha nukta moja kwenye ramani. Likizidi hapo, mipaka yote huchorwa.

Nukta hiyo haimpi mtu haki yoyote juu ya ardhi yako. Umiliki wako unalindwa na sheria za Tanzania, na sheria ya Ulaya haiugusi.

Kinachonitia wasiwasi mimi ni kivuli. Kihamba chenye mibuni chini, migomba katikati na mringaringa juu, picha ya setilaiti inaweza kukiona kama msitu. Hapo sheria yenyewe iko upande wako, maana inatamka wazi kwamba mazao yanayolimwa chini ya miti ni kilimo, hayahesabiwi kuwa msitu. Ila anayesoma picha yuko mbali, na hajui kwamba baba yako alivuna hapo kabla wewe hujazaliwa. Basi tunza risiti za zamani za chama, daftari la mauzo, karatasi yoyote inayoonyesha kahawa ilikuwapo hapo kabla ya mwaka 2021. Siku picha ikikosea, karatasi hizo ndizo zitakazokusemea.

Maswali ya kuwauliza vijana ni haya. Nakala ya taarifa za shamba langu inabaki kwa nani? Na msimu ujao nikitaka kumuuzia mnunuzi mwingine, nitaondoka nazo? Taarifa zikibaki mikononi mwa mnunuzi mmoja tu, umefungwa kwake bila kusaini chochote. Chama ndicho kinachopaswa kuzishika, na wewe upewe nakala yako.

Wala usikubali kukimbizwa. Sheria imekwisha kuahirishwa mara mbili, na sasa kampuni kubwa zitaanza kubanwa 30 Desemba 2026, na zile ndogo kabisa 30 Juni 2027. Lengo lake naliunga mkono kwa moyo wote. Misitu mingi imeteketea ili kulisha masoko ya mbali. Lakini gharama ya kupima mashamba imemwangukia hata mkulima ambaye hajawahi kukata mti, na bei ya kilo haijapanda kwa sababu hiyo. Hilo lilipaswa kuzungumzwa kabla sheria haijapita, na wakulima wetu hawakuwa chumbani.

Kenya imesaini mkataba wa biashara na Ulaya, sisi Tanzania hatukusaini. Je, tumepitwa? (Mfanyabiashara wa mbogamboga, Arusha)

Kwa leo, dada, hujapitwa kwenye ushuru. Tanzania imo katika orodha ya Umoja wa Mataifa ya nchi zenye maendeleo duni zaidi, na nchi hizo tangu mwaka 2001 zinauza Ulaya bila ushuru wala kikomo cha kiasi chini ya mpango uitwao Kila Kitu Isipokuwa Silaha. Uganda, Rwanda na Burundi zimo pia. Kenya haimo, na hapo ndipo penye siri ya haraka yake.

Kumbuka mwaka 2014. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilichelewa kukamilisha mazungumzo, na kuanzia Oktoba hadi karibu na Krismasi maua na mboga za Kenya vililipiwa ushuru Ulaya. Jirani zake hawakuguswa. Mwaka 2016 Kenya na Rwanda zikasaini mkataba wa Jumuiya nzima, lakini Tanzania ikakataa na Bunge lake likaukataa. Hayati Benjamin Mkapa alikuwa ameandika mara nyingi kuupinga, akisema viwanda vyetu vichanga vitazama bidhaa za Ulaya zikiingia bure. Hatimaye Kenya ikaenda peke yake: ilisaini Desemba 2023 jijini Nairobi na mkataba ukaanza kutumika 1 Julai 2024. Ulaya inafungua soko lake mara moja, Kenya inafungua lake kidogo kidogo kwa miaka mingi, na baadhi ya bidhaa nyeti zimewekwa kando.

Kwa maoni yangu Mkapa alikuwa sahihi kuhusu viwanda, na Kenya nayo ilikuwa sahihi kuhusu maua yake. Kosa ni kwamba jumuiya yenye ushuru mmoja wa forodha ilijikuta na hali mbili tofauti mbele ya mnunuzi mmoja. Hilo linatudhoofisha sote.

Jambo la kuliwazia mapema ni kwamba orodha ile si ya milele. Nchi ikitolewa kwa sababu imepiga hatua, Ulaya huiachia kipindi cha mpito cha miaka 3, kisha unafuu ule unakwisha. Wewe mwenyewe, hata hivyo, utazuiwa na dawa za wadudu kabla ya ushuru. Mzigo wa maharage machanga wenye mabaki ya dawa kupita kiwango hukataliwa bandarini, na hasara ni yako. Fedha nikuambie uziweke wapi? Kwenye rekodi za upuliziaji na vyumba vya baridi.

Mwaka 2022 Ulaya ilitangaza euro bilioni 150 kwa Afrika. Ziko wapi? (Mwanafunzi wa chuo kikuu, Dar es Salaam)

Kijana wangu, swali lako ndilo linaloulizwa kimakosa hata na viongozi wetu. Hakuna kapu lenye bilioni 150.

Tangazo lilitolewa Februari 2022 katika mkutano wa wakuu wa Umoja wa Afrika na Umoja wa Ulaya mjini Brussels. Ni nusu ya mpango mkubwa zaidi uitwao Global Gateway, uliozinduliwa Desemba 2021 kwa lengo la kukusanya uwekezaji wa hadi euro bilioni 300 ifikapo 2027. Angalia neno kukusanya. Ndani yake mna ruzuku, mna mikopo ya Benki ya Uwekezaji ya Ulaya, mna fedha za nchi mojamoja kama Ujerumani na Ufaransa, na sehemu kubwa inayotarajiwa ni ya kampuni binafsi zitakazoingia kwa sababu Ulaya imezidhamini zisipate hasara. Dhamana ikitolewa, uwekezaji wote unaotarajiwa nyuma yake huhesabiwa ndani ya tarakimu kuu. Mradi mwingine ulikuwa umekwisha kupangwa kabla ya jina hilo kuzaliwa.

Sisemi ni hewa tupu. Chukua reli ya Lobito inayotoka bandari ya Angola kuelekea migodi ya shaba ya Kongo na Zambia: Oktoba 2023 Umoja wa Ulaya na Marekani walitia saini makubaliano na nchi hizo tatu, na mwezi huohuo Ulaya ikasaini na Kongo na Zambia makubaliano ya madini yanayohitajika kwenye betri na magari ya umeme. Reli ni kitu cha kushikika. Ila mimi huuliza: behewa likienda pwani limebeba nini, na likirudi limebeba nini? Reli hiyohiyo ilijengwa wakati wa ukoloni kupeleka madini pwani. Ikiwa safari hii shaba itayeyushwa na kusafishwa Kongo au Zambia kabla ya kupakiwa, tumepata ushirikiano mpya. Namibia ilijaribu njia yake mwaka 2023 kwa kupiga marufuku kusafirisha lithiamu isiyochakatwa. Naipongeza.

Ukikutana na tarakimu kama hiyo tena, ichambue: ngapi ni ruzuku, ngapi ni mkopo, mkopo ni wa sarafu gani, na atakayeulipa ni nani. Mkopo wa euro hulipwa kwa euro hata shilingi ikianguka.

Wanafunzi wangu wanauliza kwa nini mikataba hii hubadilika majina kila baada ya muda. (Mwalimu wa sekondari, Dodoma)

Mwalimu, kila mkataba kati ya Ulaya na nchi zetu huitwa kwa jina la mahali uliposainiwa, basi waandikie ubaoni mfuatano huu: Roma 1957, Yaoundé 1963, Lomé 1975, Cotonou 2000, Samoa 2023. Roma ilianzisha jumuiya ya Ulaya na kuyaunganisha nayo makoloni bila kuyauliza. Yaoundé ilikuja na nchi zilizokuwa zimepata uhuru. Lomé ndiyo iliyokuwa na ukarimu zaidi, kwani tuliuza kwao bidhaa nyingi bila ushuru na hatukulazimika kuwafungulia milango yetu. Unafuu huo ukashambuliwa kwa kanuni za biashara za dunia, hasa katika ule ugomvi mrefu wa ndizi, pale wauzaji wa Amerika ya Kilatini walipolalamikia upendeleo tuliopewa, na Cotonou ikaja na sharti la kufunguliana masoko. Mkataba wa Samoa, ulioanza kutumika kwa muda Januari 2024, unagusa pia tabianchi, uhamiaji na haki za binadamu.

Waulize pia nani alikuwa na nguvu ya kukataa katika kila hatua. Nadhani kipindi hicho cha somo kitakuwa kifupi mno kwa mjadala utakaozuka.

Nasikia nchi tajiri ziliahidi kutoa msaada wa asilimia 0.7 ya pato lao. Zinatoa? (Msomaji, Kigoma)

Chache sana. Ahadi ni ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 1970. Mwaka 2024 waliofika hapo walikuwa Norway, Sweden, Denmark na Luxembourg. Uingereza ilikuwa imeiweka katika sheria, ikashuka hadi asilimia 0.5 mwaka 2021, na imetangaza kwenda 0.3 ifikapo 2027. Tena sehemu ya fedha hizo haitoki nje ya nchi inayotoa, kwa kuwa kanuni zinaruhusu gharama za kumtunza mkimbizi kwa mwaka wake wa kwanza huko Ulaya zihesabiwe kuwa msaada. Kumtunza mkimbizi ni wajibu mwema. Kuuita maendeleo ya Kigoma si sawa.

Ulaya wameweka kodi ya moshi. Kiwanda chetu kinauza Afrika Mashariki tu. Inatuhusu? (Mhandisi wa kiwanda cha chuma, Mombasa)

Kwa sasa haikugusi. Inagusa chuma, alumini, saruji, mbolea, umeme na haidrojeni vinavyoingia Ulaya. Taarifa zilianza kudaiwa Oktoba 2023, na malipo yanahusu bidhaa zinazoingia tangu Januari 2026. Msumbiji, iliyokuwa ikiuza alumini nyingi Ulaya, ndiyo iliyokuwa na hofu kubwa upande wetu wa bara. Nchi maskini kabisa hazikusamehewa, ingawa Afrika nzima inachangia chini ya asilimia 4 ya hewa ukaa ya dunia. Kwangu hiyo ni dhuluma na nitaendelea kuisema.

Lakini kuna kipengele wachache wanakizungumza: bei ya kaboni, yaani tozo ya moshi, iliyokwisha kulipwa katika nchi ya uzalishaji hupunguzwa kwenye deni la Ulaya. Maana yake, serikali zetu zikitoza zenyewe, fedha ile inabaki hazina ya nyumbani badala ya kuingia ya Ulaya. Anza kupima moshi wa tanuri lako sasa, hata kama hujawahi kuuza Ulaya tani moja. Anayekosa vipimo vyake hukadiriwa kwa viwango vya Ulaya, na viwango hivyo havimpendelei.