Je, Bloodsucking Bastards inafaa kutazamwa?
Kwa aliyeuliza kama filamu hii ya Marekani ya mwaka 2015 inafaa kutazamwa, jibu langu ni kwamba ni ya wastani tu. Wazo lake ni zuri: Evan, anayeigizwa na Fran Kranz, anakosa cheo cha umeneja wa mauzo alichokitarajia, anapewa Max (Pedro Pascal), hasimu wake wa tangu chuoni, na muda si mrefu wafanyakazi wavivu wanageuka wanyonya damu wenye bidii ya ajabu kazini. Kejeli hiyo kwa waajiri inachoma kwelikweli. Hata hivyo, damu inachelewa mno kumwagika, na mizaha ya mwanzoni, ambayo mingi ni ya matusi, inachosha. Itazame kwa ajili ya Pascal, kama una nafasi.