Kona ya vifaru vya rimoti: mwendo kwanza, rangi baadaye

Barua za mwezi huu karibu zote ni za vifaru. Wa ndege na maboti mtanivumilia, zamu yenu inakuja.

Fundi habari yako. Mjomba ameniletea kifaru cha rimoti, T-90 ya kampuni ya Heng Long, kutoka Dubai, ile saizi ya 1/16 ya kifaru chenyewe, nataka nifanye iwe kama za jeshi letu. Rangi nimeshanunua. Shida ni kwamba nikiiendesha hapa uani inaonekana toi tu, nahisi hata nikiipaka vizuri itabaki toi. Nianzie wapi? Kijana wa Ntinda, Kampala

Hizo rangi zifungie kabatini kwanza, kijana wangu. Ugonjwa umeshauona mwenyewe, ni mwendo. Piga hesabu hivi: T-90 yenyewe barabarani inafika kama kilomita 60 kwa saa, gawa kwa 16 unapata chini ya 4, huo ni mwendo wa mtu anayetembea huku anaongea na simu. Yako najua inachomoka kama panya aliyemwagiwa maji, inasimama papo hapo, inazunguka papo hapo, na kitu cha tani 46 na ushee hakina tabia hizo. Jicho la mtu linajua hilo hata kama hajawahi kukaribia kifaru maishani.

Kwa hiyo pesa ya kwanza iende chini. Heng Long za bei nafuu zinakuja na giaboksi ya plastiki na minyororo ya plastiki. Tafuta giaboksi ya chuma, na zikiwepo za uwiano wa gia wa 3:1 na 4:1 chukua 4:1, utapoteza spidi lakini utapata nguvu, na spidi si ndiyo tunataka ipungue? Alafu sikiliza vizuri hapa manake ndipo watu wengi wanapotupa hela: wananunua minyororo ya chuma peke yake kwa sababu ndiyo inayoonekana kwenye picha, wanaifunga juu ya sproketi za plastiki, yale magurudumu ya meno yanayovuta mnyororo, baada ya muda meno yameliwa yote na mnyororo unaruka kila ukikata kona. Sproketi, lile gurudumu la mbele la kukazia, minyororo na giaboksi, hivyo vinne vinaenda pamoja. Kama hela haitoshi saa hii, subiri, endelea na plastiki yote, haina ubaya.

Kifaru kikiwa bado chepesi ongeza uzito. Nenda kwa watu wa matairi uombe vile vipande vya madini ya risasi vya kubalansia magurudumu, vya zamani wanatupa tu. Vigundishe na epoksi sakafuni kabisa, katikati au nyuma kidogo ya katikati, ukiviweka juu kitayumba vibaya. Risasi ni sumu, nawa mikono ukimaliza na watoto wasivichezee. Utajuaje umezidisha? Endesha dakika kumi, gusa mota. Kidole kikishindwa kukaa, punguza.

Mnyororo usiulegeze ovyo. Kuna mtindo umeingia kila mtu anataka mnyororo unaoning'inia ati ndio uhalisia. T-55 sawa, haina vile vigurudumu vidogo vya juu, mnyororo wake unalala juu ya magurudumu makubwa. T-90 yako inavyo vitatu kila upande, na isitoshe sehemu hiyo imefunikwa na mapazia ya pembeni, sasa unalegeza wa kumwonyesha nani? Na ukija kubadilisha bodi ya chini uweke ya chuma, kumbuka rimoti ya 2.4 GHz haipendi kufungiwa ndani ya chuma. Antena ya risiva ipandishe juu kwenye plastiki la sivyo kifaru kitakugomea mita chache tu mbele yako.

Kuhusu kufananisha na za jeshi letu: picha za gwaride la Tarehe Sita, siku ya jeshi letu ya Februari, zinatosha kabisa. Usije ukaenda kusimama nje ya kambi na simu ukipiga picha, banange, maelezo ya modeli ya 1/16 hapo getini hayatamwingia mtu.

Fundi, mimi ni mwalimu, nina T-34/85 ya rimoti. Nataka kuigeuza T-55 nitengeneze vita vya Lukaya vya wakati wa Amin kwa ajili ya wanafunzi wangu wa historia. Inawezekana? Dada wa Masaka

Dada, wazo nimelipenda sana na jibu ni hapana, ama tuseme utatengeneza kipya kabisa na T-34 itakuwa imekufa bure. Watu wanadanganywa na yale magurudumu matano makubwa, wanaona karibu ni kile kile. Angalia nafasi kati ya magurudumu. Kwenye T-34 pengo kubwa liko kati ya la pili na la tatu, kwenye T-55 liko kati ya la kwanza na la pili, na hilo pengo ndilo mtu anayejua analiangalia kabla ya kitu kingine chochote. Tena bodi ya T-34 ubavu wake umelala, wa T-55 umesimama wima. Kichwa cha T-55 ni duara kama bakuli lililofunikwa, mtutu wake ni wa milimita 100 na wako ni wa 85. Ukishabadilisha hayo yote umebaki na nini cha T-34? Mota tu.

Afadhali utafute modeli ya T-55 yenyewe hata kama haitembei, ya 1/35 inapatikana kirahisi, kwa darasa inatosha. Na ukifanya Lukaya ya Machi 1979 usiweke upande mmoja tu: Walibya waliokuja kumsaidia Amin walikuwa na T-55, Watanzania walikuwa na Type 59 za Kichina, ambazo ni T-54 iliyonakiliwa, kwa hiyo vifaru vya pande zote mbili kwa mbali vinafanana mno. Wanafunzi wako waulize hao askari walikuwa wanatofautishaje, hapo somo lenyewe litaanza. T-34 yako iache iwe T-34, ina heshima yake.

Mzee, nimemaliza kupaka, sasa nataka vumbi la marram, ule udongo mwekundu wa barabarani, kama kifaru kimetoka safari ya Karamoja. Nimejaribu rangi ya matofali inaonekana kama kimemwagikiwa na ketchapu. Fundi chipukizi, Gulu

Ssebo, umepaka rangi ya marram iliyolowa. Chukua udongo wenyewe, uanike, uuangalie juani: umepauka, karibu na pinki iliyochanganywa na kahawia. Na modeli ni ndogo, kila rangi inaonekana kali zaidi kwenye kitu kidogo, kwa hiyo ipaushe tena kidogo zaidi ya unavyoona.

Mimi natumia marram yenyewe, ipo bure nje ya mlango. Iponde, ichekeche kwa soksi ya kike ile nyembamba, ule ungaunga laini ndio unaoutaka, yanayobaki juu ni kokoto ukipima kwa 1/16. Kabla ya vumbi puliza vanishi ya kung'aa, pitisha rangi ya mafuta ya kahawia iliyozimuliwa sana kwa spiriti ya rangi, iingie kwenye maungio na kuzunguka vichwa vya bolti, futa iliyobaki juu kwa kitambaa, ukivuta kutoka juu kwenda chini jinsi mvua inavyoshuka. Ikikauka kabisa puliza vanishi isiyong'aa, alafu vumbi kwa brashi laini: juu kidogo, chini zaidi, nyuma zaidi ya mbele kwa sababu minyororo ndiyo inayorusha. Funga kwa vanishi nyingine nyepesi. Hiyo ya mwisho usiiruke, modeli ya kabatini inaweza kuishi bila hiyo ila yako inatembea, vumbi lote litakubakia mikononi.

Tope zito changanya marram hiyo hiyo na gundi nyeupe ya mbao, weka chini kwenye bodi tu, mbali na ekseli. Na girisi, tafadhali, iishie ndani ya giaboksi. Ukipaka girisi kwenye minyororo inashika mchanga na hapo umejitengenezea msasa unaokula sproketi kila mzunguko.

Na kitu kingine naona kwenye picha ulizotuma: umeweka rangi ya fedha kwenye ukingo wa magurudumu. Hayo yana mpira, ndugu yangu, mpira haung'ai. Panapong'aa ni kwenye mnyororo wenyewe, yale meno ya katikati na njia magurudumu yanapopita, sugua hapo na penseli laini ya 6B, inatosha. Mikwaruzo nayo isiwe ya fedha, iwe kahawia nzito karibu na nyeusi, na michache, pale askari wanapokanyaga wakipanda. Vishikio vilivyochongwa pamoja na plastiki vikate uweke vya waya wa kufungia nondo. Kamba ya kuvutia tengeneza kwa waya wa breki ya baiskeli. Na lile gogo la nyuma la kujinasulia, ukichukua kitawi cha mkaratusi chenye gamba lake, cha unene wa sentimita moja na nusu, hakuna rangi yoyote itakayokishinda.

Umeme hapa Kasese unakatika sana, betri ya LiPo, ile ya lithiamu, nachajije?

Chaja nyingi za hobi zinapokea pia volti 12 moja kwa moja, soma kibandiko, zikiandika 11 hadi 18 unaweza kuchajia kwenye betri ya gari au ya sola bila inveta. Chaji na waya ya kubalansi, ile inayosawazisha seli, kaa hapo hapo, usilale. Betri ya seli mbili ikijaa ni volti 8.4, ikishuka kila seli karibu na volti 3 simamisha mchezo. Ikivimba hiyo basi tena. Na usidanganywe kuweka ya seli tatu, saketi ya kifaru imetengenezewa volti 7.2 au 7.4.

Mafuta ya kutoa moshi kwenye kifaru changu yameisha, naweza kutumia mafuta ya taa? Baba Watoto, Jinja

Hapana! Mle ndani kuna waya unaowaka moto. Agiza mafuta ya moshi yenyewe, chupa moja ndogo inakaa muda mrefu, na wakati unasubiri zima swichi ya moshi manake ule waya ukiwaka bila mafuta unaungua. Na kama hicho kifaru ni cha kurusha vile vipira vya milimita 6 na watoto ndio wanaokiendesha, chomoa kabisa mashine ya kurushia, nafasi hiyo weka spika kubwa zaidi.