Kwa nini sampuli hupimwa mara tatu?

SWALI: Ndugu Mhariri, kwa nini mkemia hupima sampuli ileile mara tatu, ilhali vifaa vyake ni sahihi?

JIBU: Ndugu msomaji, kifaa sahihi pekee hakitoshi. Katika kupima asidi, mkemia hudondosha alkali (kemikali inayoondoa nguvu ya asidi) kutoka kwenye bureti (mrija wa kioo wenye alama za ujazo) hadi kiashiria cha fenolfthaleini (kemikali inayobadilika rangi asidi inapokwisha) kionyeshe rangi ya waridi hafifu isiyotoweka upesi, na tone moja la ziada, yaani takriban mililita 0.05, hubadilisha jibu. Hivyo hurudia mara tatu: majibu yanayokaribiana huonyesha uthabiti wa kazi, lakini hayathibitishi usahihi wake: alkali iliyofyonza kaboni dioksaidi ya hewani itarudia kosa lilelile mara zote tatu. Ndiyo maana, na hili nalisisitiza, alkali yenyewe hupimwa kwanza dhidi ya asidi ambayo ukolezi wake unajulikana kwa hakika.