Mbwa mzee anamngurumia mdogo? Mwache angurume

Mleta uzi, nimekusoma. Una koko jike mzee, umeleta dume la German Shepherd la miezi minne, na tangu liingie mzee ananguruma kutwa. Unauliza umtie mnyororo au umpeleke shamba. Subiri kwanza. Mimi hapa Kihonda, Morogoro, nina wanne: Popi, koko jike aliyezeeka hata masikio yameziba, Kamanda, chotara wa Shepherd, nguvu nyingi na wivu mwingi, Shaba, jike mwoga aliyeachwa na jirani alipohama, na Chapati, ambaye bado yuko kwenye umri wa kutafuna ndala.

Usimpige mzee kwa kunguruma. Kule kunguruma ndiko kufundisha kwenyewe. Chapati humfuata Popi barazani na kuanza kumvuta sikio. Popi hainuki. Anakaza mwili, anainua mdomo upande mmoja jino lionekane, kisha sauti ndogo inatoka kifuani. Chapati anageuza uso pembeni, anajilamba pua, anaondoka kama aliyekuwa anapita tu. Yameisha. Mbwa anayechapwa kila akinguruma anajifunza kunyamaza, na siku akichoka anauma bila taarifa. Halafu mzee viungo vinamuuma. Dogo akimrukia mgongoni anaumia kweli, si kwamba ana roho mbaya.

Cha kuogopa ni kimya. Wakubwa wawili wakisimama miguu imekaza, midomo imefungwa, mikia juu haitikisiki, wanakodoleana, hapo mwite mmoja kwa sauti ya kawaida aondoke. Wakishakamatana usitie mkono katikati. Mwaga ndoo ya maji. Kuna watakaokwambia waache wapigane wajuane nani mkubwa. Sikubaliani nao hata kidogo, hasa kwa majike: wakishaumizana vibaya, kupatana tena ni kazi kweli.

Kwangu ugomvi karibu wote ulizaliwa sehemu mbili, kwenye sufuria na getini. Napika ugali wa dona na dagaa, siku nyingine utumbo, na kila mmoja ana sufuria yake na kona yake, hawaonani. Popi anakula jikoni mlango umefungwa, maana meno yamebaki machache na anakwenda polepole. Wakimaliza sufuria zinaokotwa papo hapo, hata kama kuna mabaki. Mifupa ya kuku iliyopikwa hapana kabisa: inapasuka vipande vyenye ncha vinavyoweza kutoboa utumbo, na mfupa mmoja unatosha kuanzisha vita. Getini ni furaha inayogeuka. Wanakukimbilia wote, wanapandana, mmoja anakanyagwa, wivu wa Kamanda unawaka. Siku hizi naingia kama mpangaji anayedaiwa kodi: kimya, simwangalii yeyote, mpaka nifike barazani ndipo salamu zianze, na naanza na Popi.

Kuhusu mnyororo, kumfunga mzee huku dogo yuko huru ni kumtafutia balaa. Aliyefungwa hana pa kukimbilia, atajihami kwa meno. Kama ni lazima utenganishe, dogo ndiye aingie bandani mchana, mzee apate usingizi wake. Na mchoshe huyo dogo asubuhi kabla jua halijawa kali. Mbwa aliyetembea na kunusa nusa njiani hana hamu ya kusumbua wazee.

Hukutaja chanjo. Chanjo ya parvo, ugonjwa wa kuharisha damu unaoua watoto wa mbwa, huanza wiki ya 6 hadi 8 na hurudiwa kila wiki 3 au 4 mpaka dogo afikishe angalau wiki 16, kwa hiyo kama alichomwa moja tu kwa aliyekuuzia, haitoshi. Kirusi chake hukaa ardhini miezi mingi. Ya kichaa cha mbwa huchomwa kuanzia miezi 3, kwa hiyo dogo wako ameshafika, na mzee naye arudie kila mwaka. Dawa ya minyoo na ya kupe wape wote siku moja, la sivyo unawahamisha kupe kutoka mgongo huu kwenda ule. Na kama mzee hajafungwa kizazi, fikiria mapema: jike hupata joto kama mara mbili kwa mwaka, wiki 2 au 3 kila mara, na dume lako bado kidogo lianze kupanda. Mimba kwa umri huo ni hatari. Muulize daktari wa mifugo dume lihasiwe lini, maana mbwa wenye maumbo makubwa wengine hushauriwa wasubiri wakomae.

Shamba usimpeleke. Huyo ndiye mwalimu uliye naye. Kwangu mama wa maziwa anaingia na hakuna anayebweka, kwa sababu Popi hajawahi kumbwekea, na wengine walimkuta hivyo. Hata sasa asiposikia, akiinua pua tu kuelekea ukutani Kamanda anasimama.

Mtafutie mzee kona yenye kivuli, gunia chini, dogo asifike, kisha wape wiki kadhaa. Akiendelea kunguruma hata wakati hakuna aliyemsogelea, hapo dogo hahusiki tena. Mpeleke akaangaliwe meno na nyonga.