Mume anataka tuuze kwa milioni 95, mimi nimegoma kusaini

*Shikamoo Shangazi. Tuna nyumba ya vyumba vitatu Mbezi ya Kimara. Mume wangu amehamishiwa Dodoma na anataka tuuze tukajenge huko. Jirani yetu wa barabarani aliuza kwa milioni 180, pale sasa pamejengwa gesti. Sisi tuko ndani kidogo, dalali akatuambia 170 tunapata bila wasiwasi. Huu mwaka wa pili. Wa kwanza alifika 110, tukamcheka. Aliyefuata 105. Sasa dalali kaleta mtu wa 95 na mume wangu anataka kumpa. Hatuna hati, tuna karatasi ya serikali ya mtaa. Nyumba hii nimeijenga kwa vikoba na mandazi, kila mfuko wa saruji nimeuandika kwenye daftari. Je, nakosea kugoma? – Mama Neema*

Marahaba, mwanangu. Kugoma hujakosea. Bei ndiyo mlikosea, tena tangu siku ya kwanza.

Hebu tumwangalie huyo jirani. Vyumba vyake viko wapi leo? Vimevunjwa. Tangu stendi ya Magufuli ifunguliwe mwaka 2021, mtu akitafuta eneo la barabarani huko Mbezi anawaza wageni wa mabasi, haulizi kama jiko lina marumaru. Aliyelipa 180 alinunua barabara. Wewe unauza mahali pa kulea watoto, na anayetafuta hapo ana mfuko mwingine kabisa.

Daftari lako nalielewa, na nisingependa mtu alidharau. Ila mnunuzi halinunui. Yeye anagonga ukuta, anafungua bomba, anaangalia dari, anauliza gari linafika mvua ikinyesha? Mimi mwenyewe nilikataa milioni 60 kwa nyumba ya marehemu mama, nikiona ni matusi. Mpangaji akahama, popo wakaingia darini, nikaja kuuza 48. Na nilimshukuru aliyenunua.

Nauliza pia kuhusu dalali. Wengine humtajia mwenye nyumba bei tamu ili wapewe kazi, halafu wanamlainisha taratibu mpaka achoke. Kisha kuna cha juu, ile pesa dalali anayojiongezea juu ya bei yenu. Utajuaje kama huyo wa 95 hajaambiwa 105? Omba mkutane uso kwa uso, bei itajwe dalali akiwa amekaa hapo hapo. Akianza kutoa visingizio, umeshapata jibu.

Jambo linalowaumiza zaidi, mmelitaja kwa mstari mmoja tu: hati. Mtu wa mkopo wa benki hawezi kununua kwa karatasi ya mtaa, kwa hiyo mmebaki na wenye fedha taslimu, na hao ni wachache, tena wanajua kubana. Kama mtaa wenu umepimwa kwenye urasimishaji, yaani ule mpango wa kupima makazi yaliyojengwa bila kupimwa, fuatilieni hati kabla ya kuteremsha hata shilingi. Tafuteni pia mthamini aliyesajiliwa, mwambieni awaandikie bei mbili: ya soko, na ya kuuza haraka. Mtamlipa, ndiyo, lakini mtaacha kugombana kwa bei za kusikia.

Tena kumbukeni pesa yote haiingii mfukoni. Dalali yupo, na TRA yupo. Hapo ndipo daftari lako linapoanza kufanya kazi, hasa kama risiti umezibana humo: kodi ni asilimia 10 ya faida, siyo ya bei yote, na gharama za kujenga zinaondolewa kwanza. Asiye na kumbukumbu hukatwa asilimia 3 ya bei nzima. Nenda nalo mkapige hesabu kabla hamjapeana mkono na mtu.

Haraka ya mume wako naielewa pia. Tangu serikali itangaze mwaka 2016 kwamba inahamia Dodoma, viwanja huko vimekuwa vikigombaniwa, na kila mwezi mnaosubiri anaona kiwanja chake kinasogea mbali. Lakini haraka hiyo isiuze nyumba kwa bei ya kutupa. Apange chumba kwanza. Treni ya umeme inafika Dodoma tangu 2024, Ijumaa jioni anarudi nyumbani.

Kuhusu saini: Sheria ya Ndoa ya 1971 hairuhusu nyumba ya familia iuzwe bila ridhaa yako. Usiigeuze fimbo. Itumie kukaa naye mezani muandikiane mambo mawili: bei ambayo hamtashuka chini yake, mkiongozwa na mthamini, na kiwanja cha Dodoma kiandikwe majina yenu yote mawili. Akikubali hayo, saini, hata kama ni 105. Asipokubali la pili, hapo shida yenu siyo bei, niandikie tena.

Na yule wa 105, namba yake bado unayo? Mpigie wewe, si dalali. Usimwambie mna haraka.