Nomino au Kitenzi? Maswali ya Wasomaji Kuhusu Kiingereza cha Kila Siku

Maswali mengi yaliyofika safari hii yanazunguka jambo moja. Neno la Kiingereza mara nyingi halibebi alama ya kuonyesha kama ni nomino au kitenzi, na mtu aliyezoea Kiswahili, ambako viambishi hutangulia kulitambulisha neno, huitafuta alama hiyo ndani ya neno na kuikosa. Kwa kawaida ipo pembeni: katika mpangilio wa maneno, katika mkazo, au katika vijineno vinavyolizunguka.

Swali: Watu husema "I will google it" na "Text me later". Je, ni halali kuchukua nomino na kuifanya kitenzi namna hii, au ni uvivu wa vijana?

Ni halali, na si jambo la vijana. Katika Kiingereza cha Kale, kilichozungumzwa hadi karibu mwaka 1100, nomino ya upendo ilikuwa "lufu" na kitenzi cha kupenda kilikuwa "lufian", hivyo msikilizaji alizitofautisha kwa miishio yake. Miishio hiyo ilidhoofika na hatimaye kudondoka, na maneno yote mawili yakabaki "love". Lugha iliyopoteza miishio haina tena mlango wa kumzuia mtu anayetaka kuvusha neno kutoka kundi moja hadi jingine. Kiswahili, kinapounda kitenzi kutokana na nomino, hudai alama, kama tunavyopata "taifisha" kutokana na "taifa". Kiingereza huliacha neno lilivyo na kulibadilishia nafasi tu katika sentensi.

Malalamiko nayo ni ya zamani. Mwaka 1789 Benjamin Franklin alimwandikia mtunga kamusi Noah Webster akilalamikia vitenzi vipya vilivyotokana na nomino, vikiwamo "notice", "advocate" na "progress", na akamwomba atumie mamlaka yake kuvikemea. Leo hakuna mhariri anayevigusa. Kitenzi "google" kiliingia katika kamusi kubwa ya Oxford mwaka 2006, na kimetulia humo. Binafsi sina ugomvi na kitenzi kipya kinachofanya kazi ambayo hakikuwapo kingine cha kuifanya. Ninachokiona kuwa hasara ni lugha ya ofisini kama "Please action this", ambayo haisemi lolote ambalo "Please do this" halikusema kwa uwazi zaidi.

Swali: Mwalimu wangu hutamka neno "record" kwa namna mbili tofauti. Ipi ni sahihi?

Zote mbili, kila moja kwa kazi yake. Likiwa nomino, mkazo huangukia silabi ya kwanza; likiwa kitenzi, huhamia silabi ya pili. Hali ni hiyo hiyo kwa "permit", "object", "export", "increase", "present" na "rebel". Sikio la Mswahili halikuzoezwa kusaka tofauti hii, kwa sababu mkazo wetu hukaa karibu daima kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na kwa hiyo hautusaidii kutofautisha nomino na kitenzi.

Mtindo huu umekua taratibu. Kamusi ya vina iliyochapishwa na Peter Levins mwaka 1570 ilionyesha jozi tatu tu za aina hii, yaani "outlaw", "rebel" na "record"; kufikia mwaka 1934 jozi zilizohesabiwa zilikuwa 150. Hata hivyo, yapo maneno mengi yasiyohamisha mkazo, kama "report", "control", "support", "comment" na "answer", kwa hiyo usiifanye kuwa kanuni ya kulitabiria kila neno jipya.

Kuna jozi nyingine zinazotofautishwa na konsonanti ya mwisho badala ya mkazo. Nomino "use" na "house" huishia kwa sauti ya "s", lakini vitenzi vyake huishia kwa "z". Maandishi huionyesha tofauti hiyo mara chache, kama katika "advice" na "advise", au "proof" na "prove". Waingereza huandika "practice" kwa nomino na "practise" kwa kitenzi ingawa yanatamkwa sawasawa. Wamarekani wameachana na usumbufu huo na kuandika "practice" kwa yote mawili.

Swali: Nimeambiwa kwamba "We discussed about the budget" ni kosa, ilhali "a discussion about the budget" ni sahihi. Mantiki iko wapi?

Mantiki ipo, na ukiishika itakuepusha na makosa mengi. Kitenzi kinachochukua shamirisho, yaani kitu kinachotendwa, hulishika moja kwa moja, lakini nomino haina uwezo huo, hivyo huhitaji kihusishi, yaani kijineno kama "about" au "for", cha kuiunganisha na kile inachokizungumzia. Kiswahili nacho hufuata njia hiyo: tunajadili bajeti, lakini tunakuwa na mjadala kuhusu bajeti. Kinachotokea ni kwamba msemaji hukariri nomino pamoja na kihusishi chake, kisha akahamia kwenye kitenzi bila kukiacha kihusishi nyuma. Ndivyo "a request for help" inavyozaa "request for help" pale panapotakiwa "request help", na "an emphasis on quality" inavyozaa "emphasise on quality" pale panapotosha "emphasise quality". Vivyo hivyo, tuna "a lack of water" lakini "they lack water", na "an answer to the letter" lakini "answer the letter".

Vipo vitenzi ambavyo kihusishi ni sehemu yake ya kudumu, kama "depend on", "rely on" na "talk about", na hivyo havina budi kukaririwa jinsi vilivyo. Aidha, lipo kosa la upande wa pili. Anayesema "Explain me this" anafuata mnyambuliko wetu wa kutendea, kwa kuwa "nielezee" humbeba mwelezwaji ndani ya kitenzi chenyewe. Kitenzi "explain" hakimpokei mtu kwa namna hiyo; husemwa "Explain this to me".

Swali: Niandike "login" au "log in"?

"Log in", kwa maneno mawili, ni kitenzi. "Login", kwa neno moja, ni nomino au hutumika kama kivumishi. Ukiwa na shaka, iweke sentensi katika wakati uliopita. Husemwa "I logged in", na hakuna asemaye "I loginned", kwa hiyo kitufe kinachokuamuru "Login here" kimekosea, hata kama tovuti nyingi zimekipamba. Kanuni hiyo inazihusu pia "back up" na "backup", "set up" na "setup", na "check out" na "checkout".

Swali: Kwa nini "I look forward to meet you" inasahihishwa kuwa "meeting"? Nilifundishwa kwamba baada ya "to" huja kitenzi kikavu.

Ulifundishwa nusu ya jambo. Kiswahili kina umbo moja la "kusoma" linalofanya kazi ya kitenzi katika "nataka kusoma" na kazi ya nomino katika "kusoma kwake kunanifurahisha". Kiingereza kimeigawa kazi hiyo kwa maumbo mawili, "to read" na "reading", na "reading" ndilo linaloelekea zaidi upande wa nomino. Ndiyo maana kila baada ya kihusishi huja umbo hilo: "before leaving", "without asking", "interested in learning". Mtego wa "look forward to" ni kwamba "to" iliyomo ni kihusishi. Ijaribu kwa kuweka nomino ya kawaida: "I look forward to the holiday" inakubalika kabisa, lakini "I want to the holiday" haikubaliki. Kipimo hicho hicho kitakufaa kwa "be used to" na "object to".

Baada ya kitenzi kingine, uchaguzi hutegemea kitenzi chenyewe: "want" na "decide" hudai "to", ilhali "enjoy", "avoid" na "finish" hudai umbo la "-ing". Vichache hupokea yote mawili kwa maana tofauti. "He stopped to read the notice" ina maana kwamba alisimama ili asome tangazo, na "He stopped reading the notice" ina maana kwamba aliacha kulisoma. Katika "remember", umbo la kwanza hutazama mbele na la pili hutazama nyuma: "Remember to lock the door" ni agizo, "I remember locking the door" ni kumbukumbu.

Swali: Kwa nini haturuhusiwi kusema "informations" na "furnitures"? Na kwa nini ni "the news is" lakini "the police are"?

Kiingereza huzigawa nomino katika zinazohesabika na zisizohesabika, na mpaka huo umewekwa na mazoea zaidi kuliko maumbile ya vitu. Viti vinaonekana na vinahesabika, lakini neno "furniture" huvichukulia kwa jumla, kama kitu kisicho na vipande. Zilizo maarufu kwa kuwaangusha wanafunzi ni "information", "advice", "equipment", "luggage", "homework", "research" na "feedback". Ukihitaji kuhesabu, tumia "a piece of advice" au "two items of luggage". Kifaransa huwa na wingi wa kawaida wa neno "information", kwa hiyo hakuna kilichomo katika maana kinachouzuia. Sisi wenyewe tunayapatanisha "maji" na "maziwa" katika umbo la wingi, tukasema "maji haya", na hakuna aliyewahi kutuuliza yako mangapi.

Neno "news" lina "s" ya wingi kwa umbo, lakini upatanisho wake ni wa umoja. "Police" halina "s", nalo hupatanishwa kwa wingi daima. Nomino za makundi kama "team" na "government" hutegemea mahali: Waingereza husema "the team is" wakilifikiria kundi kama kitu kimoja na "the team are" wakiwafikiria wachezaji, ilhali Wamarekani karibu daima hutumia umoja. Hata jina la Marekani lenyewe limepita katika mabadiliko haya. Marekebisho ya 13 ya katiba yao, ya mwaka 1865, yanaitaja "the United States" kisha yanasema "their jurisdiction", kwa wingi. Leo wao wenyewe husema "the United States is".

Swali: Je, "I am having two children" ni kosa?

Kisarufi inawezekana, lakini atakayeisikia atadhani unatarajia pacha. Kiambishi chetu "-na-" hutumika kwa tendo linaloendelea na kwa hali ya kudumu, na kwa hiyo "ninasoma" na "ninaamini" huonekana sawa. Kiingereza huzitenganisha: vitenzi vya hali, kama "know", "believe", "own", "belong" na "have" ya kumiliki, kwa kawaida havichukui "-ing". "Have" ya kutenda huichukua bila shida, kama katika "We are having lunch".

Swali: Kwa nini vitenzi vinavyovunja kanuni ndivyo vinavyotumika zaidi? Ningependa "go" iwe "goed" yaishe.

Vimebaki kwa sababu vinatumika. Umbo kama "went" husikika mara nyingi kiasi kwamba mtoto hulinasa kabla hajapata nafasi ya kulisahau, ilhali kitenzi cha nadra hujengwa upya kwa "-ed" na anayekitumia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 katika jarida la Nature ulifuatilia vitenzi 177 vilivyokuwa na maumbo ya kipekee katika Kiingereza cha Kale. Katika Kiingereza cha Kati, kilichofuata baada ya hicho cha Kale, vilibaki 145, na leo ni 98. Kitenzi kinachotumika mara 100 pungufu kuliko kingine huingia katika kanuni ya "-ed" kwa kasi mara 10 zaidi. "Help", kwa mfano, wakati mmoja kilikuwa na "holp" na "holpen". Mkondo huo mara chache hurudi nyuma, kama ilivyokuwa kwa "snuck", iliyozuka Marekani mwishoni mwa karne ya 19 kando ya "sneaked".

Vitenzi vilivyozaliwa na nomino havina urithi huo wa kale, hivyo huanza maisha na "-ed": "googled", "texted". Ndiyo sababu kengele "rang", lakini jeshi lililouzunguka mji kama pete "ringed the city". Kitenzi hiki cha pili kilitokana na nomino "ring", na kwa hiyo hakikuwa na haki ya kudai "rang".