Jibu: LED ya taa ndogo upande mmoja haiwaki

Ndugu, umesema umebadilisha balbu za taa ndogo za mbele za gari ukaweka LED, kulia inawaka, kushoto kimya. Usikimbilie fundi wala usiirudishe dukani. Ichomoe, igeuze nusu duara, irudishe. Balbu ya zamani haijali chanya na hasi, LED nyingi zinajali. Ukiichomeka kinyume haiwaki, ila kwa kawaida haiungui. Hapo ndipo wengi wetu tuliponaswa mara ya kwanza, na mimi nilishafunga kila kitu ndipo nikawasha! Siku hizi nawasha kwanza, nafunga baadaye.

Ikigoma hata baada ya kugeuza, ihamishie upande wa kulia. Ikiwaka kule, tatizo ni holda (tundu balbu inapochomekwa): angalia kutu, na vuta kidogo vile vibati viguse miguu ya LED. LED nyingi kitako chake ni chembamba kuliko cha balbu ya kioo ya W5W (ile ya zamani ya wati 5), hivyo hulegea na kupepesa gari likipita kwenye mashimo.

Taa ya onyo ikijitokeza kwenye dashibodi, gari linadhani balbu imekufa, maana limezoea wati 5 na LED inakula kidogo sana. Tafuta LED zenye rezista ndani, yaani kipande kinachoongeza ulaji wa umeme ili gari lione balbu ipo. Hizo hupata joto, zisiguse plastiki.

Rangi chagua nyeupe. Bluu mbele ni kujitafutia kesi na trafiki.